Pijo 504: Gari lililoundwa Miritini linavyomalizika bara ya Malindi

Peugeot 504, ambalo sisi watu wa pwani tumelizoea kwa jina la Pijo, ni gari la Kifaransa lililozinduliwa mwaka 1968 na ambalo kwa miaka mingi lilikuwa gari la kazi katika sehemu kubwa ya Afrika. Duniani kote yaliundwa zaidi ya milioni 3. Takriban 27,000 kati ya hayo yaliunganishwa humu Kenya, na pahali palipofanyiwa kazi hiyo ni Miritini, Mombasa. Kwa hivyo ni gari la Ufaransa kwa mchoro, lakini kwa mikono iliyolikaza nati na kulipiga rangi, ni gari la pwani.

Leo mtu anaweza kutoka Malindi, akavuka daraja la Sabaki, akafika Marafa na kurudi, asikutane na Pijo hata moja linalotembea. Atakutana na Probox, Noah, pikipiki za bodaboda na malori ya mchanga. Pijo akiliona, aghalabu limesimama: chini ya mwembe, nyuma ya gereji, au ndani ya ua wa nyumba ya marehemu, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma.

Makala haya yanaeleza gari hili ni lipi, lilifikaje kwetu, kwa nini lilipendwa na kwa nini linatoweka. Yana neno moja la kusisitiza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chuma cha Pijo kikienda, kinakwenda na elimu ya mafundi wetu na historia ya kiwanda chetu, na hakuna aliyeiandika.

Asili yake

Kampuni ya Peugeot ilikuwa tayari inajulikana Afrika Mashariki kabla ya 504. Magari yake ya 403 na 404 yalitembea sana hapa miaka ya 1950 na 1960, na wazee wetu wengi husema "Pijo" wakiwa na maana ya 404, lile lenye vipembe vya nyuma. Mwaka 1968 kampuni ikatoa 504. Umbo lake lilichorwa na nyumba ya Pininfarina ya Italia, na alama yake kubwa ni taa za mbele zilizokatwa pembeni, kama macho ya mtu anayekutazama kwa kukudadisi. Mwaka uliofuata, 1969, lilichaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya.

Ulaya, saluni za 504 ziliacha kutengenezwa mwaka 1983. Pikapu ziliendelea Ufaransa kwa takriban miaka kumi zaidi. Lakini nje ya Ulaya gari hili lilikataa kufa. Argentina waliendelea nalo mpaka 1999. Nigeria, kiwanda cha Kaduna kilichofunguliwa 1975 kiliunda mamia ya maelfu, mpaka katikati ya miaka ya 2000. Na Kenya pia iliendelea kuliunganisha mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Wafaransa wenyewe walishalisahau.

Miritini

Baada ya uhuru Kenya ilitaka viwanda vya kuunganisha magari badala ya kuagiza magari mazima. Miaka ya 1970 vikajengwa vitatu vikubwa: cha Leyland huko Thika, cha General Motors Nairobi, na cha Associated Vehicle Assemblers, kwa ufupi AVA, hapa Mombasa. AVA ndicho kilichopewa kazi ya Peugeot, pamoja na magari ya kampuni nyingine. Muuzaji wake alikuwa Marshalls (East Africa).

Kazi ilikwenda hivi. Gari lilifika bandari ya Kilindini likiwa vipande ndani ya makasha. Bamba za bodi zilichomelewa pamoja, zikasafishwa, zikapigwa rangi, kisha injini, ekseli, nyaya, vioo na viti vikatiwa. Serikali nayo ilitaka baadhi ya vitu vitoke kwenye viwanda vya humu nchini, kama vile matairi, betri, vioo na rangi. Kwa hivyo kila Pijo lililotoka Miritini lilikuwa limewalisha watu wengi kabla halijamlisha aliyelinunua.

Jambo hili halisemwi vya kutosha. Tukitaja viwanda vya pwani tunataja saruji ya Bamburi, chumvi ya Gongoni na Marereni, korosho ya Kilifi. Mara chache tunataja kwamba vijana wa Mombasa, Kwale na Kilifi walisimama kwenye mstari wa kiwanda wakatoa magari yaliyobeba mawaziri, madaktari, polisi na mbuzi wa kuuzwa mnadani.

Sura zake tatu

Asiyelijua gari hili aweza kudhani Pijo ni moja. Zilizokuwa maarufu kwetu ni aina tatu.

Ya kwanza ni saluni. Hii ilikuwa gari la heshima. Wakubwa wa serikali walipanda, nambari za GK mbele na nyuma, na walimu wakuu na wafanyabiashara walioinukia wakaifuata. Springi za nyuma za saluni ya kawaida zilifungwa ili kila gurudumu lijitegemee, jambo ambalo magari mengi ya bei yake hayakuwa nalo.

Ya pili ni steshenwagoni. Hii ilirefushwa: umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 2.90, wakati wa saluni ni mita 2.74. Nyuma ikawekwa ekseli moja nzima yenye springi nne za koili, mbili kila upande, ili ibebe mzigo bila kuinama. Ilitiwa safu ya tatu ya viti, na hapo ndipo ilipozaliwa teksi ya masafa, ile ya kujaza abiria na kuondoka. Msafiri wa Mombasa na Nairobi wa miaka ile alijua tofauti ya kupanda basi na kupanda Pijo. Basi lilikufikisha kesho, Pijo lilikufikisha leo.

Ya tatu ni pikapu. Hii ndiyo iliyoingia vijijini. Ilibeba mananasi, mihogo, makaa, simenti, mabati na maiti. Ikafungwa turubai au bodi ya mabati nyuma, mabenchi mawili marefu yakatiwa, abiria wakakaa wakitazamana, magoti yakigusana, makanga akining'inia mlangoni. Ikawa matatu.

Kwa nini ilidumu

Sifa ya Pijo haikutoka kwenye matangazo. Ilitoka kwenye namna lilivyoundwa, na inafaa kueleza.

Kwanza, springi zake zilikuwa na nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Barabara ya vumbi iliyojaa matuta madogo madogo hulitingisha gari gumu mpaka nati zikajifungua. Pijo liliyameza matuta yale. Abiria alitoka na vumbi lakini mgongo ulibaki salama.

Pili, propela shafti yake imo ndani ya bomba la chuma linalotoka giaboksi mpaka difu. Mchanga, miti na mawe ya njiani havikuigusa kwa urahisi.

Tatu, na hili mafundi wanalijua vizuri, injini yake ya petroli ina slivu zinazotoka. Katika injini nyingi silinda zikilika inabidi bloku nzima ipelekwe kwenye mashine kuchongwa. Kwa Pijo, fundi aling'oa slivu zilizochakaa, akatia slivu na pistoni mpya, gari likarudi barabarani. Kazi hiyo iliweza kufanywa Malindi, hata Marafa, mradi spea zimefika. Injini za petroli zilianza na ukubwa wa sisi 1,796, kisha zikaja za sisi 1,971. Zilikuwapo pia za dizeli, kubwa yao ya sisi 2,304, zisizo na haraka lakini zisizochoka.

Nne, hakukuwa na kompyuta. Kabureta, plagi, pointi na koili ya moto, basi. Fundi alisikiliza kwa sikio na kushika kwa mkono. Gari likizima njiani saa tisa za usiku, dereva mwenyewe alikuwa na bisibisi, spana mbili na kipande cha msasa cha kusafishia pointi, na mara nyingi vilitosha.

Safari Rally ilivyolijengea jina

Hakuna kilicholiuza Pijo Afrika Mashariki kama mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo zamani yaliteremka mara nyingi hadi pwani. Gari la 404 lilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Likaja 504. Mwaka 1975 Ove Andersson wa Sweden alishinda nalo, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa akashinda kwa 504 ya milango miwili yenye injini ya silinda sita.

Mtu aliyeona gari likishinda kwenye tope la Safari siku ya Jumatatu ya Pasaka, na Jumanne akaliona dukani, hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Kuna kisa ndani ya kisa hapa. Andersson huyo huyo baadaye aliongoza timu ya Toyota barani Ulaya, na timu hiyo ikashinda Safari mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, na tena mara kadhaa miaka ya 1990. Aliyelipa Pijo taji moja kubwa ndiye aliyesaidia kumjenga mshindani wake. Na ukiitazama barabara ya Malindi leo, utajua ni nani aliyebaki na uwanja.

Njia ya Marafa

Marafa imo ndani, upande wa bara wa Magarini. Wageni wanaijua kwa sababu ya lile korongo la mchanga wa rangi nyingi, linaloitwa Nyari kwa Kigiriama, ambalo vitabu vya watalii vimelipa jina la jikoni kwa shetani. Wenyeji wanaijua kwa mananasi, mihogo, mifugo na umbali. Kufika huko unavuka Sabaki kisha unakata kushoto kupitia Marikebuni, au unaendelea na barabara ya Lamu mpaka Gongoni ndipo uingie ndani.

Kwa mkulima wa huko, swali la miaka yote limekuwa moja: mzigo utafikaje Malindi kabla haujaoza? Nanasi lililoiva halingoji. Mama mjamzito pia hangoji. Mvua ya masika ikinyesha udongo wa njia hizi hugeuka utelezi, na kiangazi kikishika, vumbi. Gari la kwenda huko lilihitaji mambo matatu: libebe, lisivunjike, na likivunjika litengenezeke papo hapo. Kabla ya bodaboda na kabla ya magari ya mitumba ya Kijapani, magari yaliyotimiza masharti hayo yalikuwa machache. Land Rover lilikuwa moja, lakini lilikuwa ghali kulinunua na lilikunywa mafuta. Pikapu ya Pijo ilikuwa nafuu zaidi, na ndiyo sababu bara yote ya Kilifi iliitegemea.

Mwenye pikapu moja alikuwa ndiye benki, posta na ambulansi ya kijiji. Alibeba barua, akakopesha nauli, akapeleka wagonjwa, na harusini gari lake ndilo lililotangulia. Dereva alijulikana kwa jina lake na jina la gari lake pamoja. Leo gari limekwisha lakini baadhi ya wazee bado wanaitwa kwa jina lile.

Kwa nini linatoweka

Watu husema limezeeka. Uzee ni sehemu ya jibu tu. Nyumba za Mji wa Kale zimezeeka kuliko Pijo na bado zinakaliwa. Sababu ni hizi.

*Chumvi.* Hewa ya bahari hula chuma, na ukanda wa Gongoni hadi Marereni una mashamba ya chumvi juu ya bahari yenyewe. Pijo, kama magari mengi ya wakati wake, halikupewa kinga kubwa dhidi ya kutu. Huanza kwenye vizingiti vya milango na sakafu, ikapanda mpaka kwenye vikombe vya bodi vinavyoshika springi za mbele. Kikombe kikishaoza, gari halifai kuendeshwa mpaka lichomelewe upya na mtu anayejua. Gari lililokaa Marafa ndani huoza polepole kuliko lililokaa Mambrui ufuoni. Ndiyo maana mabaki mazuri hupatikana bara.

*Soko.* Miaka ya 1990 Kenya ilifungua mlango wa magari ya mitumba. Yakamiminika kutoka Japani, mengine kupitia Dubai, kwa bei ambayo gari jipya la Miritini halikuweza kushindana nayo. Viwanda vya kuunganisha vikapungukiwa kazi. Peugeot ilirudi kuunganisha magari Kenya mwaka 2017, lakini ilikuwa Thika, na yalikuwa magari mengine, 508 na 3008. Miritini haikupata tena Pijo lake.

*Sheria za matatu.* Kanuni zilizoanza kutumika Februari 2004, zile ambazo kila mtu anaziita sheria za Michuki, zilitaka mikanda ya usalama kwa kila abiria na kidhibiti mwendo kwa kila gari. Zilikuwa kanuni za kuokoa roho na hakuna mwenye akili atakayezilaumu. Lakini pikapu ya mabenchi mawili haikuwa na njia ya kuzitimiza. Iliyokuwa imebaki ikaacha abiria ikabeba mizigo, kisha ikaacha na mizigo.

*Umri wa kuingiza.* Kwa kawaida gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa nchini. Kwa hivyo 504 haiwezi kuongezeka. Tulizo nazo ndizo hizo hizo, na kila moja inayokatwa ni hesabu inayopungua bila kujazwa.

*Logbuku.* Hili linaua magari mengi kuliko kutu, na halizungumzwi. Pijo nyingi zimeandikwa kwa jina la mtu aliyekwisha fariki, au kampuni iliyokwisha fungwa, au mnunuzi wa kwanza ambaye gari limeshabadilisha mikono mara nne baada yake. Kadi haikuhamishwa kwa sababu zamani kuaminiana kulitosha. Sasa kila kitu kiko kwenye mtandao wa NTSA, na bila mwenye jina au hati ya mirathi hakuna kinachosogea. Warithi wanaona gari halina thamani, mirathi ina gharama, basi linaachwa.

*Chuma chakavu.* Hapo ndipo anapoingia mnunuzi wa vyuma, mwenye mizani na fedha taslimu. Saluni ya 504 ina uzito unaozidi kilo 1,000. Kwa familia yenye ada ya shule ya kulipa, fedha za leo zina nguvu kuliko gari lisilotembea. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya chuma chakavu nchi nzima baada ya minara ya umeme kuharibiwa, na ilipofunguliwa tena miezi michache baadaye, wafanyabiashara walitakiwa wawe na leseni. Hilo lilisaidia nguzo za stima. Halikuwa na maana yoyote kwa Pijo, kwa sababu Pijo haliibwi. Linauzwa na wenyewe.

Gari lililotoka Miritini likiwa jipya linarudi Mombasa juu ya lori, limekatwa vipande vinne. Hayo ndiyo mazishi yake.

Kinachokwenda pamoja na gari

Mtu ataniuliza, kuna hasara gani? Barabara zinahitaji magari salama, na Probox inakula mafuta kidogo. Sina ubishi na hilo. Simwambii mtu yeyote apande pikapu ya mwaka 1982 kwenda Malindi na watoto wake.

Hasara iko kwingine. Fundi aliyejifunza kwa Pijo alijifunza injini yenyewe. Alijua kupima nafasi ya valvu kwa mkono, kurekebisha pointi bila kifaa, kusikia slivu inayovuja maji kabla haijaharibu oili. Elimu hiyo haikuandikwa kwenye kitabu chochote cha Kiswahili. Ilikwenda kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi, mkono kwa mkono, chini ya mti. Mafundi hao sasa ni wazee. Wanagenzi wao wanafundishwa kuchomeka kompyuta na kubadilisha kipuri kizima. Kazi ni ile ile ya kuishi, lakini ujuzi mmoja umekatika.

Na kuna waliofanya kazi Miritini. Hao wanajua gari hili liliungwaje, hatua kwa hatua. Wanajua mambo ambayo hata makumbusho ya Peugeot kule Sochaux, yaliyofunguliwa 1988, hayayajui, kwa sababu yalifanyika hapa, kwa joto la hapa, na suluhisho zilizotungwa hapa. Kila mwaka wanapungua. Wakimalizika, tutabaki na sentensi moja isemayo kwamba Kenya iliunganisha magari 27,000. Majina hayatakuwapo.

Kwa aliye nalo bado

Ikiwa nyumbani kwenu kuna Pijo lililosimama, haya ni ya kufanya kabla hujamwita mwenye mizani.

Angalia nambari. Nambari za zamani, zenye herufi tatu na tarakimu tatu tu, ni za kabla ya mfululizo wa KAA ulioanza mwaka 1989. Gari lenye nambari ya zamani ya asili, kadi yake na kibao cha kiwanda ndani ya boneti lina thamani kubwa kuliko lililobandikwa vipande. Usiing'oe kibao hicho wala usikubali mtu akununulie peke yake.

Angalia vikombe vya springi za mbele na sakafu. Vikiwa vizima, gari laweza kufufuliwa. Vikiwa vimeoza, lisiingie barabarani, lakini injini, giaboksi, difu, taa, vioo na milango vinaweza kuokoa gari la mwingine. Uza spea kwa spea kabla hujauza kwa kilo.

Liinue. Weka magogo au mawe chini ya ekseli ili matairi yapumzike, toa betri, funika kwa kitu kinachopitisha hewa. Turubai la plastiki lililobanwa hufungia unyevu ndani na kutu huzidi. Mara moja kwa mwezi zungusha injini, hata kwa mkono, ili pistoni zisigande.

Tengeneza karatasi mapema, mwenye jina akiwa hai. Kama ameshafariki, ingizeni gari kwenye mirathi pamoja na shamba na nyumba. Kwetu sisi Waislamu mali ya marehemu ni haki ya warithi wote, ndogo na kubwa, na gari bovu ni mali vilevile.

Na kuhusu spea, yasikukatishe tamaa maneno ya dukani kwamba hazipo. Ulaya kuna vyama vya wenye Peugeot za zamani na wauzaji wanaotengeneza gasketi, mipira na vyuma vya bodi mpaka leo, na shirika la L'Aventure Peugeot linalosimamia makumbusho ya Sochaux huuza spea za magari ya zamani. Ni ghali, na ushuru upo. Lakini watu wawili watatu wakiagiza pamoja, mzigo huwa mwepesi.

Daftari

Nairobi wenye magari ya zamani wana siku yao. Mashindano ya Concours d'Elegance yamekuwa yakifanywa kule tangu mwaka 1970, magari yanaoshwa, yanahukumiwa na kupigwa picha. Sisi hatuhitaji makubwa hayo. Tunahitaji daftari.

Daftari lenye nambari ya gari, mwaka, aina, lilipo, lilikuwa likifanya njia gani na dereva wake aliitwa nani. Kijana mwenye simu anaweza kuanza na kijiji chake: picha moja ya gari, na sauti ya mzee mmoja akieleza. Vyuo vya ufundi vya kaunti vinaweza kumpa fundi mzee siku moja kwa wiki asimamie injini moja ya Pijo mbele ya wanafunzi. Injini hiyo itafundisha zaidi ya michoro ubaoni. Na Makumbusho ya Taifa, ambayo yana nyumba hapa Malindi na ngome kule Mombasa, yana mizinga, majahazi na vyungu vya Kichina vilivyokuja kwa bahari. Gari lililoundwa na watu wa pwani na kuendeshwa na watu wa pwani lina haki ya kukaa karibu na vitu hivyo. Moja tu latosha, pikapu, mabenchi yake yakiwa ndani.

Wengine watasema la kuvunda halina ubani. Pijo bado halijavunda lote. Yako machache bara ya Malindi ambayo yakitiwa betri na petroli safi yatakohoa, yatoe moshi, kisha yakae sawa. Wako pia wanaojua kuyawasha. Anayemjua mmoja wao na amwendee wiki hii, achukue kalamu.